Mtoto wa Kabati

Niliandika nyuma ya bili ya umeme,
kwa penseli, maana wino uliganda mfukoni
kituoni, nyuzi thelathini chini ya sifuri:
tugriki milioni moja na laki nane.
Majira mawili ya baridi ya kukagua tikiti
ndani ya mabasi ya Ulaanbaatar.
Hizo ndizo. Nyuma yake hakuna nyingine.

Prosesa, laki tatu na nusu. Mtumba.
Ilikuwa na pini moja iliyopinda
ambayo Purevee aliinyoosha kwa ncha ya sindano
huku amezuia pumzi, nami nimezuia yangu.
Ubao mama, laki mbili na themanini.
Ramu mbili, pacha, laki na nusu,
kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa.
Diski, laki na ishirini.
Kadi ya michoro.
Hapo nikavuta kiti.

Laki saba. Ilikuwa imefanya kazi miaka miwili, usiku na mchana,
katika ghala fulani, ikichimba sarafu zisizoshikika.
Niliinusa. Nilizungusha feni yake kwa kidole gumba:
ikaguna, kisha ikakubali.
"Itadumu?"
Purevee akatazama dari.
"Mimi mwenyewe nitadumu?"
Nikampenda kwa kutonidanganya. Nikalipa.

Zimebaki laki mbili,
na bado umeme wa kuulisha mtambo,
bado nyumba ya kuulaza.
Akanishushia kasha la kioo, feni tatu za taa, elfu tisini,
na pawa saplai ya elfu sitini,
nyepesi kama kiberiti kilichoisha njiti.
Vyote viwili ningevimudu, na nauli ikabaki.
Nilijiona kwenye kile kioo
nimepakwa zambarau, kisha kijani.
Nilipendeza, sikatai.

Lakini mimi ni wa mtaa wa mlimani.
Najua taa zinavyosinzia saa kumi na mbili jioni
kila hema na kila kibanda kinapochomeka hita.
Naijua harufu ya redio ya jirani siku ilipoungua.
Nikachukua ile nzito, ya laki na themanini,
nikaikumbatia
kama mtu anayepeleka tofali harusini.
Urembo ukabaki dukani ukiwakawaka.
"Na nyumba yake?" akauliza Purevee.
Mfukoni elfu ishirini.
Tukanywa supu.

Mama hakuuliza mashine itacheza nini.
Aliuliza, "Inapika?"
"Inapasha chumba moto," nikasema,
na sikudanganya sana.
Akatafuna hilo jibu.
Akaliendea kabati la rangi ya chungwa alilokuja nalo alipoolewa,
akamchomoa mtoto wa kabati, wa tatu kutoka juu,
yule asiyefungika tangu mbao zivimbe,
akamwaga vipande vya mtindi mkavu kwenye bakuli.
"Chukua. Usinirudishie."

Damdin jirani akamtoboa matundu kumi na moja ya hewa,
mawili yamekwenda upande
kwa kuwa alikuwa anasimulia habari za mkwewe.
Skrubu nilizihesabu juu ya sahani.
Moja ilizidi. Hadi leo sijui ni ya wapi.

Saa nane usiku nikabonyeza.
Kimya.
Nikabonyeza tena. Kimya
cha tugriki milioni moja na laki nane, kasoro supu.
Nikakaa sakafuni, nikaanza kumtukana Purevee, ukoo wake,
ghala, sarafu,
kisha mkono ukapapasa nyuma ya ile nzito
ukakuta swichi ndogo ambayo hakuna aliyeiwasha.

Feni zikavuta pumzi.
Ubao mama umelala ndani ya mtoto wa kabati
na dunia haikuona ajabu.

Mchezo wangu wa kwanza: ninaendesha basi
katika mji wa mvua ya vuguvugu,
abiria wote wamelipa, hakuna wa kukagua.
Nilikuwa nakata kona ya tatu
mbao zilipopata joto,
na harufu ya mtindi wa miaka ishirini ikatoka kwenye yale matundu,
taratibu, ikazunguka hema lote.

Kitandani mama akageuka.
"Nani anapika?"