Gati la Namasagali

Reli inafika ukingoni, kisha inazama.
Chuma kimeota magugumaji,
na mdiria, asiyekata tiketi,
amekalia nguzo ya gati akihesabu dagaa.

Kirunda anapiga kafi upande mmoja tu;
mtumbwi unazijua kona zake.
"Babu alipakia pamba hapa," asema,
"robota kwa robota, hadi meli ikainama
kama ng'ombe anywaye."
Sasa bohari halina paa,
mbuzi wanacheua mlangoni pa forodha.

Nauliza: mto huu uliitwaje kabla ya ramani?
Anacheka.
"Kiyira. Na bado ndilo jina lake.
Iliyopotea ni ramani."

Tunapenya mafunjo, maji meusi kama chai ya rangi.
Kiboko anakohoa, hatujui wapi,
nasi tunanyamaa kama wadaiwa waliosikia hodi.
Saa nyingi baadaye Kyoga linafunguka,
jeupe, pana,
halina la kusema.

Nilikuja kutafuta mji.
Nimerudi na tope viatuni,
na uzi mmoja wa pamba,
au ni unyoya wa yangeyange,
umenasa kwenye shati.

Sijautoa.