Kasma ya Uji

Saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya chai,
naenda kwanza kuhesabu makaa.
Si dawa. Makaa.
Gombojav, mchochea tanuri, ameegemea koleo
kama mlinzi wa ikulu;
ananionyesha vidole vinne: siku nne.
Naandika mbili.
Mkoani hawaamshwi na nne.

Nje ni nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri.
Ngamia wa jirani wameota ndevu za barafu,
na friji letu la chanjo linafanya kazi kinyume:
linakinga dawa isigande.
Nilipomweleza mkaguzi hivyo, alidhani namtania,
akaweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu.
Alama hiyo ningali nayo, kwenye faili.

Nilikuwa muuguzi miaka kumi na sita.
Vidole hivi vilijua kupapasa mshipa gizani.
Siku hizi vinajua stempu, kikokotoo,
na kitasa cha stoo kinachogoma.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji.
Kweli, haulizwi.
Naulizwa mimi:
uji huo ulipikwa kwa kasma ipi,
nani aliidhinisha maziwa,
na kwa nini chumvi ilinunuliwa robo ya pili
ilhali ilipangwa robo ya tatu?

Saa nne, simu ya mkoa: wanataka asilimia ya unawaji mikono.
Nawapa asilimia.
Saa tano, simu nyingine, inakwaruza;
kijana, kilomita tisini, nyuma ya mlima:
Nandintsetseg chupa imepasuka,
wiki tatu kabla ya tarehe yetu.
Yetu, maana niliipanga mimi,
nikamtengea kitanda katika nyumba ya kusubiria.
Kitanda kimetandikwa. Shuka limepigwa pasi.
Mtoto hakuletewa nakala ya ratiba.

Petroli iliyobaki ni lita sitini,
na ni ya msafara wa chanjo, Alhamisi:
watoto arobaini na mmoja, mahema kumi na tisa.
Kupanga ni kuchagua, tulifundishwa semina,
ubaoni, kwa kalamu ya kijani.
Hawakusema kuchagua kunanuka petroli,
na harufu haitoki mikononi hata kwa asilimia mia ya kunawa.

Natia saini.
Dugersuren anapasha injini kwa moto wa bomba,
anaisemesha kama farasi mkaidi.
Hishigjargal anapanda na mfuko wake, haniagi;
ni zamu yake ya tatu mfululizo.
Ana haki. Jedwali la zamu nililichora mimi.

Baada ya hapo, mlima umekata mtandao.
Nafanya nini? Nahesabu glavu.
Nahesabu tena, zimepungua mbili,
nahesabu tena, zimetimia.
Natetea chumvi kwa ukurasa mmoja na nusu.
Mara sita nakwenda dirishani,
mara sita naambiwa na giza kwamba ni giza.

Saa mbili usiku, taa.
Walitoka wawili, wamerudi watano,
mmoja wao mdogo kuliko mfuko wa Hishigjargal,
amezongwa sufu, amekunja uso
kama mtu aliyecheleweshwa ofisini.

Fomu inataka mahali pa kuzaliwa:
hospitali, au nyumbani. Chagua kimoja.
Naandika *njiani*. Kompyuta inakataa.
Naandika jina la mlima. Inakataa, kwa wekundu.
Naiacha ikimetameta peke yake,
naenda jikoni.

Hishigjargal amelala kitini na buti zake.
Namwekea bakuli la kwanza mama,
la pili naliweka karibu na mkono wa muuguzi;
likipoa, nalirudisha jikoni,
linapashwa tena.

Asubuhi Gombojav ananionyesha vidole vitatu.
Naandika kimoja.
Tangi la gari likigongwa, linalia kama ngoma tupu,
na Alhamisi iko palepale.