Kliniki ya Macho, Bombo

Jumatano ni siku ya macho.
Namba kumi na nne: Shekiondo,
yule aliyeapa mbele ya baraza la kata
kwamba shamba la baba
liliishia kwenye mchungwa wa pili.

Namvika fremu. Masikio yake yameota mvi,
kola imefumuka uzi.
Miaka tisa nimemtazama kupitia mchungwa ule tu,
kama mtu anayechungulia nyumba nzima
kwa tundu la ufunguo.

"Hii, au hii?"
"Herufi zinaelea, sista."
Ananuka mkaa na dawa ya kuchua.
Anakunja karatasi ya bei, anaikunjua,
anaikunja tena.

Bwana, Jumapili pale Chumbageni
nilikuimbia upendo, beti zote nne.
Hukuniambia utakuja na namba mkononi.

Nabadili kioo. Anatulia.
Anasoma mstari wa chini, taratibu kama mtoto,
kisha ananigeukia, macho yamekuwa makubwa:
"Binti Mhina… kumbe ni wewe?"

"Ni mimi."

Mchungwa bado unaniuma.
Navuta fomu, na pale palipoandikwa *Mlipaji*
naandika jina langu, kwa herufi ndogo
ambazo sasa anaweza kuzisoma.