Mwenye Ufunguo wa Maji

Ukumbi wa chini, kanisa la Mtakatifu Kazimiri,
Ohio, Februari, barafu imeng'ang'ania madirisha.
Wametundika ramani, wakaipitisha kalamu nyekundu:
mji mmoja uwe minne.
Mshauri, kijana Halvorsen, anasema
tulishonewa koti la watu laki tatu
na tuliobaki ndani yake ni elfu tisini.
"Likatwe. Kila upande uvae lake."

Bi Wanda Jablonski, aliyeshona makoti maisha yake yote,
anauliza bila kusimama:
"Na mikono atapewa nani?"
Watu wanacheka. Kisha hawacheki.

Mimi ni Ozell Tatum. Miaka thelathini na moja
nafunga na kufungua maji ya mji huu
kwa ufunguo wa chuma unaonipita kimo.
Naona Fairmount, kwenye miti na kodi,
wameshapata jina, hata nembo ya kulungu.
Sisi wa kiwandani hatujapata jina.
Tumepata deni, makaburi mawili
na kituo cha zimamoto kisicho na gari.

Sikatai, lakini. Taa ya mtaani kwangu
nimeiandikia meya barua saba.
Diwani wa karibu ningemgongea mlango
akatoka na nguo za kulalia.
Sufuria ndogo huchemka upesi.
Huunguza upesi vilevile.

Na bomba je?
Bomba la inchi ishirini na nne, kuukuu kuliko babu yangu,
hutoka mtoni, hupita chini ya Fairmount,
chini ya shule iliyofungwa, chini ya nyumba
zilizobomolewa zikaacha ngazi zinazopanda hewani,
ndipo linifikie.
Maji hukaa humo siku tisa yakitafuta mnywaji,
yakachoka, yakawa rangi ya chai.
Kalamu nyekundu imelikata mara tatu.
Lenyewe halina habari.

Waliposema tupige kura, niliinua mkono nusu.
Karani akauliza: ndiyo au la?
Nikamwambia, andika unavyouona.

Usiku uleule simu: limepasuka, pembe ya Kossuth.
Nikapiga magoti kwenye barafu, nikazungusha ufunguo
mizunguko arobaini na mitatu, nikihesabu kwa sauti.
Ng'ambo ya mstari, kule Fairmount,
dirisha moja lilikuwa na taa.
Kuna mtu alikuwa amefungua mfereji mkavu
na amesimama hapo, akisubiri nimalize.