Kamba za Kijani

Saa kumi na mbili jioni, mjini Lublin,
theluji imeziba madirisha kama pamba masikioni,
baba yangu Zenon anawasha runinga
na kuketi mbele yake kama mshtakiwa.

Chini ya kioo utepe mwekundu unakimbia:
HOMA YA UTI WA MGONGO. TAHARUKI. NANI ATAFUATA?
Wagonjwa ni saba. Saba, katika mji mzima.
Lakini machela ileile inapita,
mtu yuleyule juu yake, kafunikwa hadi kidevuni,
viatu nje, kamba za kijani,
asubuhi, adhuhuri, usiku tena,
na kila ikipita baba anahesabu mwingine.
Kufika Jumapili alikuwa amezika mia mbili.

Miaka arobaini alitengeneza saa.
Vidole vilivyosikia mpigo wa gurudumu dogo kuliko chawa
sasa viko shingoni mwake, vinatafuta panapokaza.
"Gusa kifua kwa kidevu," ananiambia. Nainama.
"Tena."
Kipimajoto kinalala kwapani mwake kama kifaranga.
Thelathini na sita nukta sita.
Anakikung'uta. Kinadanganya.

Bogumila wa ghorofa ya tatu alipiga chafya kwenye ngazi,
chafya moja.
Tangu hapo supu yake ya kabichi anaiacha mlangoni;
tunasikia mfuniko ukigonga, tunasubiri hatua zake ziishe,
kisha baba anaimwaga chooni.
Ujirani wa miaka kumi na tisa, anavuta mnyororo.

Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Baba hakuumwa.
Alionyeshwa picha ya nyoka tu, kutwa kucha,
kati ya tangazo la sabuni na tangazo la magodoro.

Mwezi Machi utepe ukabadilika: bei ya gesi.
Hakuna aliyerudi hewani kusema,
Zenon, simama, yamekwisha.
Bado anafungua milango kwa kiwiko.

Nami nilimwona yule mtu.
Duka la mikate karibu na stesheni,
kamba za kijani zimelowa tope la theluji,
anabishania chenji, shavu limejaa.
Nikapanda ngazi mbilimbili.
"Baba, yu hai! Anakula!"

Akatazama kioo kilichozimwa,
ambamo hamkuwa na kitu ila uso wake.
"Yupi?" akauliza.
"Kati ya wale mia mbili, yupi?"