Pima Maji

Saa tano asubuhi, ghorofa ya saba, Kilimani,
nimepiga magoti kwenye bafu la mtu nisiyemjua,
simu ikatetemeka mfukoni.
Mkawasi. Sauti yake imechanganyika na kengele.
"Baba, leo sina darasa. Nimepanda treni alfajiri
kutoka Bolonya, nimekuja Ravena, jioni narudi.
Nimebeba chapati. Usimwambie Mama nimezila baridi."

Nikanawa mikono kwenye ndoo,
nikaisimamisha simu juu ya boksi la vigae.
Otuoma akaacha kukoroga saruji.

Picha ya kwanza: ukuta wa nje, matofali tu,
hata Kayole tuna kuta zinazoushinda.
Ya pili, nikatafuta miwani.
Dari la buluu,
buluu ya usiku umeme ukipotea mtaa mzima,
na nyota za dhahabu, tele,
kila nyota ni vipande, na kila kipande
hakizidi ukucha wa kidole changu cha mwisho.
"Miaka elfu moja na mia tano, Baba."
Mwaka jana Lavington waliniita baada ya miezi minne:
vigae vimebanduka. Wakanikata hela.

Kisha akanong'ona, kama mtu aliyechelewa misa,
kwamba vile vipande havikulazwa sawa.
Fundi alivipinda makusudi,
kimoja kikitazama mlango, kingine dirisha,
kingine kama kimesinzia,
ili mwanga ukipita, ukuta nao upumue.

Nikaiangalia pima maji yangu,
kile kiputo katikati ya mistari miwili
nilichokitii miaka ishirini na sita,
kilichomlipia karo, sare, pasipoti.
Sikuwa na neno.

Halafu video. Kanisa jingine, chini kwa chini:
unatia sarafu, taa inawaka,
na sakafu yote imo majini.
Maji yalipanda yakakataa kushuka,
na samaki wekundu wanapita juu ya kazi ya mtu
kama wenye nyumba.
Otuoma alicheka hadi akakaa kitako.
"Huyo fundi lazima walimdai pesa zao!"
Mimi niliuliza walitumia grauti gani.
Taa ikazima. Mkawasi akasema euro imekwisha,
hana nyingine ya kuchezea.

Jioni ujumbe wa mwisho, treni ikinguruma nyuma yake.
"Nimeuliza, Baba. Jina la mfalme wanalo. La malkia wanalo.
La askofu limeandikwa ukutani, juu ya kichwa chake.
La fundi hawana."

Sikumjibu. Ningeanzia wapi?
Kwamba kila nyumba, kigae cha mwisho,
kabla sijakilaza, nachukua msumari
naandika kwenye saruji mbichi: Mwakio, Wundanyi.
Na tangu mwaka aliozaliwa naongeza jina la pili.
Kwamba yuko mheshimiwa mmoja, Muthaiga,
anaoga juu ya Mkawasi kila siku ya Mungu
na hajui.

Nilimwambia Otuoma asitupe vilivyovunjika.
Kwangu sakafu ni saruji tupu,
mama yake amelalamika tangu tuhamie.
Tukachambua: vyeupe, vya kijivu,
na vile vya buluu vilivyobaki
walipokamilisha bwawa la kuogelea.
Kiroba kikajaa, kikanipinda bega.

Langoni askari akanifungulisha.
Akatia mkono, akautoa upesi,
tone la damu kwenye kidole.
"Takataka hizi za nini, mzee?"
"Za dari," nikasema, sijui kwa nini.
Akatazama juu,
kisha akavuta lango.