Hesabu Hadi Saba

Harufu ilitangulia kuingia kibandani,
vanishi ya shaba iliyoungua,
nikajua kabla sijainua macho:
Shaweji karudi.

Mara ya tatu tangu korosho zianze kushuka ghalani.
Gari kalikumbatia kifuani,
rimoti inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu,
na uso wa mtu aliyekwisha kujiandalia utetezi.
"Fundi Somoe, limezima lenyewe."

Lenyewe!
Nikafungua skrubu nne, ya tano alikwisha kuipoteza,
nikamwaga mezani mchanga mwekundu wa Mkuti,
nusu kijiko, na unywele wa mbuzi, na ganda la karanga.
Brashi zimelika hadi kwenye shina.
"Umelipandisha wapi?"
Kimya.
"Jabalini?"
"Kidogo tu."
Masasi nzima hii mawe yamesimama
kama watu waliogoma kuhama,
na yeye kapata la kushindana nalo.
"Likakwama?"
"Likakwama."
"Na kidole?"
Akakitazama kidole gumba chake kama cha jirani.
"Nilibana tu, fundi. Nilidhani likiona nimekaza,
na lenyewe litajikaza."

Basi sikiliza, maana mota hii ni ya mwisho,
nimeing'oa kwenye kikaushia nywele cha saluni ya Fadina.
Mota haijui kukataa.
Ukiizuia isizunguke, haikai bure,
inakunywa umeme, inakunywa tu,
na kisichotokea magurudumuni kinatoka kwa moto.
Likikwama, achia.
Nenda kwa miguu yako, ukalinyanyue.
Likiwa mbioni usilirudishe nyuma papo hapo;
lingoje lisimame.
Wewe ukivutwa shati unakimbia, si utaanguka?

Nikamtolea jino la mbele, nikatia dogo zaidi.
Akanuna: "Mbio zitapungua."
Zitapungua. Mlima litapanda.
Nikakata ukanda wa sufuria iliyotoboka,
nikaupinda, nikauvisha mgongoni mwa mota
uupe upepo joto lake.
Matundu nikayafunika kwa soksi ya nailoni, nyepesi,
mchanga ubaki nje, pumzi ipite.
Tukalizungusha hewani kwa betri mbili tu,
polepole, dakika kumi,
brashi mpya zijuane na shaba.
Dakika kumi za Shaweji kutulia!
Alikuna goti, akakuna na la pili.

Kisha nikampa kipimo changu, kwani kipimajoto sina.
"Ukimaliza mzunguko, weka kidole hapa. Hesabu.
Ukifika saba hujakitoa, endelea.
Ukiishia nne, lipeleke kivulini, nawe ukanywe maji.
Ukiishia moja, usinijie."

Alilipa konzi ya korosho zilizovunjika.
Nyingine alizila mwenyewe kabla hajavuka barabara.

Wiki ile malori yalipanga mstari hadi njia ya Newala.
Nilipita ghalani alasiri,
namfuata mtu aliyechukua redio yake na deni langu ndani.
Wabebaji walikuwa wamepumua kidogo,
kati ya lori na lori.
Baba yake, Nangomwa, kakaa juu ya magunia matupu,
shati begani,
chumvi imekaukia mgongoni.
Shaweji nyuma yake.
Gari kalilaza kivulini, magurudumu juu,
na kidole gumba kile kile
kimegusa shingo ya mzazi.

"Moja," anahesabu. "Mbili."
"We mtoto, wanifanyaje?"
"Tulia, baba. Tatu."

Msimamizi akapuliza filimbi. Lori jingine.
Nangomwa akainuka nusu, mkono tayari unatafuta gunia,
na yule mtoto asiyejua kukaa
akamning'inia begani kwa uzito wake wote mdogo.

"Bado," akasema. "Sijafika."